Kurasa Sita za Mtu wa Kamba

Scranton, Pennsylvania
12 Novemba 1940

Velvel,

Huna haya. Tangu Pasaka hujatia mguu katika nyumba hii, na sasa miti yote imebaki uchi. Treni imekufa? Reli zimeng'olewa? Nimemuuliza muuza samaki, anasema treni ya New York inaingia kila siku, imejaa watu tele, na watu hao wote wana mabibi zao. Wewe peke yako ndiye uliyeota bila shina.

Haya, nimemaliza. Sijamaliza, lakini Bw. Zeldin amechoka mkono. Ni yule mpangaji wetu wa chumba cha juu, ndiye anayeniandikia, maana mimi kalamu naijua kwa kuiona tu. Nasema, anaandika. Nimemwambia asinirembe.

Sisi wazima. Shangazi yako Dvora bado yuko kiwanda cha hariri, anarudi jioni miguu imeumuka kama mkate. Kutoka kwa dada yangu kule kwetu ng'ambo ya bahari hakuna barua tangu kiangazi. Ni vita, posta haipiti, ndivyo tunavyoambiana. Mama yako mwambie avae soksi za sufu. Mwenye kikohozi hatafuti urembo.

Sasa. Kitabu chako cha katuni kimefika. Nilikaa jikoni, nikakiweka mgongo wake mkono wa kulia, kama ninavyoshika kitabu cha sala, ambacho nacho sikisomi lakini nimekishika sawasawa miaka sitini. Nikafungua. Na wewe uko hapo hapo! Hadithi ya kwanza kabisa! Sikuhitaji kuambiwa, nilimjua. Fundi wa kamba za kuanikia nguo! Si ndiye aliyekuwa akipita Rivington Street tulipoishi New York, anasimama uani anapiga kelele "Kambaaa!", halafu anapanda mlingoti mpaka ghorofa ya tano kubadilisha kapi la kupitishia kamba lililoshika kutu? Nawe umemfanya apite angani juu ya kamba hizo hizo akikamata wezi. Hana mbawa, risasi ikimpata anakufa kama mimi na wewe. Ana viganja tu, na viganja umevichora vina sugu.

Kurasa sita, Velvel. Mimi nimelea watoto watano katika vyumba viwili nikajiona fundi wa nafasi. Wewe ndani ya kurasa sita umetia ua mzima: mashuka, paka, wanawake wawili wanaogombana dirishani, suruali ya ndani ya mwanamume yenye kiraka makalioni. Hakuna kilichokaa bure.

Na ulivyoanza! Bw. Zeldin anasema wengine wote huanza na uovu, halafu adhabu. Wewe umeanza na mwizi amekwisha kufungwa, ananing'inia uani kama shuka. Kisha ukaturudisha: amekimbizwa, amebeba kinara cha fedha, amesimama mlangoni kwa mjane anasitasita. Na mwisho kabisa yuko mezani kwa mama yake, mama anamwongezea supu. Hapo umekatisha. Mtu ukimwona amefungwa unasema, stahili yake. Ukimwona baadaye anakula kwa mama yake, utasemaje? Picha za katikati zilinivuruga kidogo, mtu anaruka kinyumenyume, nikasema huo ndio usanii. Nikafunga kitabu, kitu kikaniingia jichoni. Bw. Zeldin, hilo usiandike.

Ameandika.

Nimewaambia wanawake wote wa sinagogi kwamba mjukuu wangu amepewa mlango wa mbele. Tzipa Melnik, yule ambaye mjukuu wake ni daktari wa meno na hatupumui kwa kuambiwa, alinyamaza. Umemnyamazisha Tzipa Melnik! Daktari mwenyewe hawezi, mpaka amjaze pamba mdomoni.

Bibi yako,
Frume


Bronx, New York
3 Desemba 1940

Bibi yangu mpenzi,

Amani iwe juu yako. Nisamehe. Mama amevaa soksi, na kikohozi kimepungua. Salamu kwa Shangazi Dvora na kwa Bw. Zeldin, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Barua yako nimeisoma mara nne. Kuhusu mlango wa mbele, nitakueleza siku tukionana.

Mahali ninapofanya kazi ni chumba kimoja chenye meza tisa. Mmoja anachora kwa penseli, mwingine anapitisha wino, mwingine anaandika maneno, na wa mwisho anafuta mistari ya penseli kwa kifutio mpaka mkono unawaka moto. Nilianza na kifutio. Sal Fiore, jirani yangu wa meza, ndiye anayechora yule shujaa mkubwa mwenye joho, anayekaa kwenye jalada kila mwezi. Mimi nina Mtu wa Kamba. Ni mdogo, lakini ni wangu: nimembuni mwenyewe, namchora mwenyewe, hata maneno naandika mwenyewe.

Ndiyo maana nakuambia habari hii, ingawa nilitaka kuificha. Mhariri wetu, Bw. Brannock, anataka kumwondoa. Shujaa aliye rubani wa ndege anapendeza zaidi siku hizi, anasema, na karatasi haziongezeki. Nimepewa hadithi moja tu ya majaribio, kwa toleo la kiangazi. Isipomvutia, Mtu wa Kamba amekwisha, nami narudi kwenye kifutio.

Usiwaambie watu wa sinagogi.

Mjukuu wako,
Velvel


Scranton
9 Desemba 1940

Velvel,

Baridi imeingia, Dvora ana mafua, kuku wamepanda bei. Hizo ndizo habari, tuache.

Huyu Brannock ana akili timamu? Mtu anabomoa mlango wake wa mbele? Amekuweka wa kwanza mwenyewe, kabla ya huyo mwenye joho, leo anakutoa? Nimeuliza, kuna treni Jumatatu saa mbili asubuhi. Nitavaa kofia ya harusi ya Dvora nije nikae mbele ya meza yake. Nitamwambia, "Bwana, wewe una mama? Mama yako akikuandalia meza, unaanza kwa kumtupa samaki, chakula cha kwanza?" Kiingereza changu kinatosha kwa hayo. Yasiyotosha nitayamaliza kwa kidole.

Nitumie jina la mtaa na namba ya nyumba.

Frume


Bronx
16 Desemba 1940

Bibi yangu mpenzi,

Tafadhali usipande treni. Nakuomba, na Mama anakuomba pia.

Ni kosa langu. Ningekuambia ilipofika barua yako ya kwanza, lakini ulikuwa umefurahi mno. Bibi, kitabu umekishika vile tunavyoshika vitabu vyetu vya Kiebrania, vinavyosomwa kutoka kulia. Vitabu vya Kiingereza vinafunguliwa upande wa pili. Ule uliouona kuwa ukurasa wa kwanza ni wa mwisho. Kwenye jalada yuko yule mwenye joho, yeye ana kurasa kumi na tatu za mwanzo. Baada yake wanafuata mpiga mbizi, mchawi mwenye kilemba, mwendesha pikipiki. Mwisho kabisa, kabla ya tangazo la pampu ya baiskeli, ndipo nilipo. Hadithi za nyuma, tunaitwa. Watoto wengi hutufikia wakiwa wamekwisha kuitwa kula.

Na hadithi yangu sikuianza na mwizi amefungwa. Inaanzia kwenye supu. Umeisoma kutoka mwisho kuja mwanzo.

Usinikasirikie. Heri ya sikukuu ya Hanuka.

Velvel


Bronx
20 Januari 1941

Bibi,

Ni wiki tano sasa. Shangazi Dvora ameandika mistari miwili kwamba mko wazima, lakini wewe huandiki. Hasira zako nazijua, huja na barua ndefu. Ukimya wako siujui.

Kama ni aibu niliyokutia mbele ya watu, nisamehe. Au ni ule uso? Nimelifikiria hilo usiku na mchana. Mwizi wangu nilimpa uso wa Baba mdogo Hersh, mwanao. Nilikuwa na miaka sita askari walipomchukua, na tangu alipotoka jela asirudi kwetu, jina lake halijatajwa mezani. Sikutumia picha, maana picha zake hazipo tena. Nilichora ninavyokumbuka. Sikukuomba ruhusa.

Ile hadithi ya majaribio sijaanza. Nakaa na karatasi nyeupe tu.

Velvel


Scranton
11 Februari 1941

Velvel,

Nilikuwa na mafua.

Bw. Zeldin ananitazama. Haya, sikuwa na mafua. Barua yako ya Desemba aliponisomea alifika katikati akavua miwani akaifuta, nikajua kuna jambo. Siku ya Sabato nikaenda sinagogi kama kawaida. Tzipa Melnik alinisubiri kwenye ngazi. Daktari wa meno alikwisha kununua kitabu kile kule kwake na kumweleza.

"Frume," akasema, "nasikia mjukuu wako yuko mkiani."

"Samaki anaogelea kwa mkia, Tzipa. Kichwa kinapamba sahani."

"Kurasa za mwisho kabisa! Baada yake pampu ya baiskeli!"

"Na wewe hapa unakaa wapi?" nikamwuliza. "Si nyuma, pamoja nami, juu ya ngazi, nyuma ya pazia? Wanaume ndio walio mbele. Sala yako inachelewa kufika?"

Wanawake wakacheka, hata yeye. Halafu nikaja nyumbani nikalala siku mbili, nikamwambia Dvora ni mgongo. Dvora alijua tangu siku ya kwanza. Kitabu alikiona mezani, akanitazama ninavyokishika, akaenda kuosha vyombo. "Ulikuwa umependeza, Mama," anasema. Nimezaa mtu anayenihurumia.

Siku ya tatu nikamwita Bw. Zeldin nikamwambia, kifungue kama wanavyofungua wao, tukipitie chote. Yule mwenye joho nimemwona. Anainua daraja. Vizuri. Nani alimwomba? Kurasa kumi na tatu anainua vitu, na sijui hata analala wapi.

Lakini ninyi wa nyuma! Mpiga mbizi ana kurasa tano, anafikiria mkewe chini ya bahari. Mchawi wa kilemba ana nne, anafanya uchawi huku kodi ya nyumba imemkalia kooni. Hayo maneno Bw. Zeldin hakuyasoma, mimi nimeyaona kwa jinsi anavyomtazama mwenye nyumba. Mwendesha pikipiki simpendi, lakini pikipiki yake unaisikia. Kitabu kile ni nyumba ninayoijua, Velvel. Mbele kuna sebule ya wageni, kubwa, viti havikaliwi. Nyuma ndiko kuliko na vyumba vya wapangaji, kila mmoja na kidirisha chake, na kila mmoja amepanga vitu vyake mpaka sindano ina mahali pake. Maisha yangu yote nimeishi vyumba vya namna hiyo. Sijawahi kuona mtu akiviheshimu hivyo kwenye karatasi. Ungeniambia mapema, ningejisifu mara mbili.

Kisha tukaisoma yako tena, kwa njia yao. Supu, kinara, mbio, kamba, mwizi amefungwa. Kwisha. Imechorwa vizuri vile vile, mkono wako ni ule ule. Lakini imekuwa hadithi ya polisi. Nimeifunga, sikufikiri kitu. Ile niliyoisoma mimi ndiyo nzuri. Umeichora wewe, hukujua umeichora.

Basi niliyekosea kushika kitabu nakuambia hivi, mimi nisiyejua herufi: huyo Brannock mchoree kama nilivyosoma. Mtu wa Kamba amekwisha kushinda kwenye picha ya kwanza. Mwizi ananing'inia. Mtoto anayesoma aseme "Ahaa! Kapatikana!" Halafu mrudishe huyo mtoto nyuma, ngazi kwa ngazi, mpaka umkalishe mezani na mwizi. Hapo mwache. Asipoanza kuinamia bakuli lake kufikiri, nitakula kofia ya harusi ya Dvora.

Kuhusu ulichouliza juu ya uso: huku theluji imefika dirishani.

Frume


Bronx
28 Aprili 1941

Bibi yangu mpenzi,

Amani iwe juu yako. Mama mzima. Najua nimeikosa Pasaka, na nyama uliyoniwekea najua amekula Bw. Zeldin. Hadithi ilinimaliza. Niliichora mara tatu nikaichana mara mbili. Kumbe kurudi nyuma ni kugumu: kila picha lazima iache swali ambalo picha inayofuata, yaani iliyotangulia, italijibu. Nilikuwa nafunga macho najiuliza, Bibi akifika hapa atataka kujua nini?

Wiki iliyopita nikampelekea Bw. Brannock. Akafunua, akafunua, akarudi mwanzo. Akaita chumba kizima kisikie:

"Lipschin! Kurasa umezipanga kinyume!"

"Hapana, bwana. Ndivyo zilivyo."

"Mwizi anakamatwa ukurasa wa kwanza! Nitauza nini kurasa tano zilizobaki?"

"Soma tu, bwana."

Akasoma. Sal Fiore akaja akasimama nyuma yake akitafuna mkate, na alipofika ukurasa wa nne akaacha kutafuna. Bw. Brannock alipomaliza akakuna sikio.

"Nani amekufundisha hii?"

"Bibi yangu."

"Amesomea wapi?"

"Hajasoma popote."

"Huo ndio mtindo," akasema Sal. "Mimi ningeua mtu nipate hadithi kama hii."

Bibi, Sal ndiye mwenye jalada.

Mwisho Bw. Brannock alisema hivi: itachapwa kama ilivyo. Mtu wa Kamba anabaki, kila mwezi. Lakini rubani naye anakuja, na anahitaji mahali, kwa hiyo kuanzia toleo linalofuata kurasa zangu ni nne, si sita. Nilisema asante. Nikatoka kwenye ngazi nikakaa, sijui kama nimeshinda au nimeshindwa. Nimejaribu kuipunguza hii hii kama mazoezi, na kila ninapokata damu inatoka. Nikitoa ua, hakuna kamba. Nikitoa mbio, watoto watalala. Nikitoa supu, sina kitu. Nifanyeje?

Nakutumia nakala ya hadithi yenyewe. Imechapwa kwa majaribio, haina rangi. Ifungue kama unavyotaka.

Velvel


Scranton
5 Mei 1941

Velvel,

Pasaka nzima kiti chako kilikaa kitupu, na jirani akaniuliza kama ni cha nabii tunayemngojea kila Pasaka. Nikamwambia nabii ana adabu, huwa anakuja.

Dvora mzima. Dada yangu, bado hakuna kitu. Nyama alikula Bw. Zeldin, anakushukuru.

Umeshinda, mjinga wewe. Waliotaka kukuua wamekuomba ubaki! Nne si ndogo. Mimi nilipofika nchi hii nilikuwa na chumba kimoja, nikapangisha kona yake kwa mshonaji, na sote tulikula, tukaoga, tukagombana humo. Unauliza utoe nini. Toa ngumi. Kuna picha nane humo za watu wanapigana makonde, nimezihesabu. Ngumi wanazo hao wa mbele, wana kurasa kumi na tatu za ngumi, hawatakosa cha kufanya. Wewe mwonyeshe mwizi amefungwa, kisha mwonyeshe Mtu wa Kamba anatoka dirishani. Katikati hapo mtoto atapigana mwenyewe kichwani, na atapigana vizuri kuliko unavyochora. Ngumi zako, nikuambie kweli, zinafanana na viazi.

Mengine yote ni mazuri. Mtu wa Kamba alivyoshusha kamba taratibu asimvunje mwizi mkono, hilo nimelirudia mara nyingi. Dvora amelitazama amesimama, koti bado mwilini, akasema, "Huyu Velvel ana miaka mingapi?" kana kwamba hajui. Bw. Zeldin ameibeba nakala kwenda kwa kinyozi, na mpaka sasa haijarudi.

Kitu kimoja umekosea. Kwenye picha ya mwisho umempa kijiko. Hersh hakuwa anatumia kijiko. Alikuwa anainua bakuli kwa mikono miwili mpaka uso wote unaingia ndani, nami nilikuwa nampiga kofi la kichwa, anacheka ndani ya supu. Na pua si hiyo. Pua hiyo ni ya baba yako.

Bw. Zeldin, hayo yaandike.

Sikukuu ya Majuma inaingia mwisho wa mwezi, Jumamosi jioni, imeungana na Sabato. Siku zote hizo tatu, Sabato na mbili za sikukuu, ni mwiko, hutagusa penseli nyumbani mwangu. Kwa hiyo usije Ijumaa ukihema na kofia mkononi kama mtoza kodi. Njoo Alhamisi, treni ya asubuhi. Leta karatasi ngumu na kifutio kizuri. Kaa upande wangu wa meza, palipo na mwanga wa dirisha. Nitakuambia uso ulivyokuwa, kidogo kidogo, nawe utachora na kufuta mpaka niseme basi. Na mpaka niseme basi, usiniulize neno.

Frume